Mkono Ndani ya Kiatu

Mzee aliingia kituoni bila hodi, akapita benchi la wanaosubiri, akapita meza ya mapokezi, akaenda kusimama mbele ya meza ya Inspekta kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyemwita. Alikuwa mfupi, vidole vyake vimegandwa na gundi ya miaka, na kwapani amebana kifurushi cha gazeti.

"Wewe ndiye yule mama wanayemwita Kwanini?"

Kwenye meza ya pili, Koplo alishikwa na kikohozi cha ghafla. Jina hilo walilitumia kisirisiri. Inspekta alikuwa na mazoea ya kuuliza "kwa nini" mpaka mtuhumiwa aombe maji ya kunywa, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake.

"Ndiye mimi. Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mshona viatu. Kibanda changu kiko nyuma ya hospitali, karibu na ukuta ule ulioangushwa na gari."

Inspekta alisukuma kando faili lililokuwa mbele yake, maana ndilo faili la ukuta huo. Jumatano asubuhi, gari dogo la Nesi wa wodi ya watoto liliruka kama mbuzi aliyekatika kamba, likakata uwanja wa hospitali na kuvunja ukuta wa chumba cha kufulia. Nesi alivunjika mkono na mbavu mbili. Alichoweza kusema ni kwamba alikanyaga pedeli ya mafuta, akaiachia, nayo haikurudi. Wiki moja kabla, pedeli hiyo ilikuwa imerekebishwa na fundi mmoja aitwaye Nyoya. Sasa Nyoya alikuwa mahabusu mwisho wa korido, na kesho yake asubuhi angepelekwa mahakamani. Kila mtu aliridhika, isipokuwa Inspekta. Hakuwa amepata jibu la swali lake.

Mzee alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na kiatu kimoja cheusi cha kike, cha mguu wa kulia, soli yake nene kuliko kawaida.

"Cha Nesi," alisema. "Namshonea tangu akiwa darasa la pili. Mguu wake wa kulia ni mfupi kwa upana wa vidole viwili, nami namjazia kwenye soli. Hiki ndicho anachoendeshea gari."

"Kimefikaje kwako?"

"Kililetwa na mwanaume, Jumanne jioni. Kesho yake ndiyo ajali. Aliniambia, 'Ng'oa ngozi ya ndani, weka mpya.' Nikamwuliza imechakaa wapi. 'Ng'oa tu, mzee.' Sikuing'oa. Ngozi nimeishona mwezi jana kwa mkono wangu, nikaing'oe imenikosea nini? Nikasema akirudi tutagombana. Hajarudi."

"Mwanaume gani?"

"Viatu vya ngozi ya kahawia. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Udongo mwekundu kwenye mishono."

"Na uso?"

"Uso sikuutazama."

"Kwa nini hukuutazama?"

"Mwanangu, wewe kazi yako nyuso. Yangu viatu."

Koplo alicheka. Mzee hakucheka.

"Nakuachia, ila kwa ahadi. Leo saa kumi wanamsimamisha Nesi kwa mara ya kwanza. Bila kiatu hiki atayumba, aangukie mbavu zake. Kufika saa kumi kiwe mguuni mwake. Ningekipeleka mwenyewe, ila mlinzi wa wodi kaambiwa na mume wa Nesi asiingize mwanaume yeyote asiye ndugu." Alionyesha meno yake yaliyobaki. "Hata mimi, na hivi vipande vinne."

"Saa kumi kitakuwa mguuni mwake. Nakuahidi."

Aliahidi upesi, kama mtu anavyomwahidi mzee ili aende zake na moyo mweupe. Mzee alipotoka ndipo alipochukua tochi na kuchungulia ndani ya kiatu. Kwenye ngozi ya ndani, kuelekea nchani, palikuwa na alama nne nyeusi, ndefu, zimepangana kama watoto kwenye foleni. Alinusa. Grisi.

"Vidole vya mguu hivyo," alisema Koplo.

"Wewe una vidole vya mguu vyenye urefu huo?"

"Mimi? Hapana, afande. Lakini yupo shangazi yangu mmoja..."

"Hivi ni vya mkono, Koplo. Sasa kwa nini mkono uingie kwenye kiatu?"

*

Fundi Nyoya aliinuka sakafuni alipoona kiatu. Alikuwa mwembamba, mpole, na jina lake alilipata kwa sababu pedeli ikipita mikononi mwake hutoka nyepesi kama nyoya.

"Kiatu cha Nesi! Mama, mimi nilimrudishia. Nilimpa mkononi."

"Hakuna aliyesema umekiiba. Nataka kujua ulikifanyia nini."

Fundi aliona haya kidogo, kama mtu aliyeombwa aimbe. Kisha akakichukua, akaingiza mkono wa kulia ndani, akapiga goti. Akabonyeza ukingo wa kitanda cha saruji kwa soli, pole pole, macho yamefumba.

"Hivi. Kila mteja namwambia aniachie kiatu anachoendeshea. Nikikanyaga kwa mguu wangu nitakuwa natengeneza gari langu. Nikiingiza mkono, nasikia anachosikia yeye."

Vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya zile alama nne, kimoja kimoja, bila kuzidi. Inspekta alimwita askari wa zamu ashuhudie pamoja na Koplo, akapiga picha, kisha akaendelea.

"Pedeli yake ilikuwa na shida gani?"

"Nzito. Springi ya zamani ilikuwa ngumu, mguu wake unachoka. Akikanyaga kidogo gari halisikii, akiongeza linashtuka. Basi nikaitoa, nikaweka mbili laini. Mguu hausikii uzito, lakini zikivuta pamoja zinarudisha vizuri."

"Na ikibaki moja?"

Nyoya alifumbua macho. "Moja haiwezi, mama. Inaishia njiani. Kwani imebaki moja?"

"Nati ya waya wa pedeli je? Uliikaza?"

"Niliikaza, nikaipaka rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu. Kila kazi yangu naifunga hivyo. Nati ikiguswa, rangi inapasuka." Aliangalia chini. "Hata yeye hugomba. Anasema kucha za magari zinapendeza kuliko zake."

*

Gari lilikuwa uani mwa kituo, limefunikwa turubai, pua yake imejikunja. Koplo alinyanyua boneti kwa nguvu za mabega. Inspekta aliinama na tochi ingawa jua lilikuwa kali.

Nati ilikuwa imetulia, na rangi nyekundu juu yake nzima kama ganda la yai. Springi ilikuwa moja. Kando yake palikuwa na tundu lingine lililong'aa ndani, chuma kimesuguliwa kikawa cheupe.

"Ya pili iliruka gari lilipogonga," alisema Koplo.

"Angalia kulabu za hii iliyobaki. Zimeingia kutoka chini. Ili itoke, uivute kwanza, kisha uinyanyue. Ukuta una vidole?"

"Basi ni mke wa fundi. Nilisema tangu mwanzo. Gereji nzima ilimsikia akiapa atamfunza adabu Nesi. Wivu huo, afande, ulikuwa unafuka moshi."

"Unaniteta karibu, Koplo," ilisema sauti nyuma yao. "Ningekuwa mbali ningedhani ni mtu wa maana anaongea."

Mke wa fundi alikuwa amesimama na shati jeupe lililopigwa pasi, limekunjwa juu ya mikono yote miwili. Alilileta ili mumewe asiende mahakamani na ovaroli. Kucha zake zilikuwa nyekundu, mbili zimebanduka.

"Dada," Inspekta alimwambia, "uliapa au hukuapa?"

"Niliapa. Wivu ninao, tena si haba, sikufichi. Mwanamke anamletea mume wangu kiatu, mume wangu anakaa nacho saa nzima kafumba macho kama anaomba dua! Mimi viatu vyangu hajui hata ni saizi gani." Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Lakini mimi nikimtaka mtu, namfuata uso kwa uso, nywele namng'oa watu wakiona. Siendi kujificha chini ya boneti."

"Ungetaka kuharibu pedeli ungefanyaje?"

"Ningelegeza nati. Gari lisingeondoka hata hapo lilipo." Alilitupia jicho gari. "Kutoa springi moja kati ya zile mbili ni kuua mtu. Hata mimi najua, na mimi napika tu pale nyuma ya gereji. Aliyetoa hajui kitu."

Inspekta aliyaandika hayo. Kisha alifunga daftari lake.

"Shati hilo litunze," alisema. "Huenda akalivaa kurudi nyumbani."

Mwanamke alipoondoka, Koplo alikuna kichwa. "Umemwachia hivihivi?"

"Amenisaidia kuliko wewe. Fundi mwenye nia mbaya angegusa nati. Aliyefanya hivi hakujua ufundi. Aliona springi mbili, akakumbuka zamani ilikuwa moja, akaondoa aliyodhani imeongezwa. Hakutaka kuharibu gari, Koplo. Alitaka lirudi lilivyokuwa. Nani anataka gari la Nesi lirudi lilivyokuwa?"

Koplo alikuwa ameanza kufunika turubai, na jibu lilikuwa limeshamfika.

*

Mume wa Nesi alifika saa nane kamili. Alikuwa mpimaji wa ardhi, mrefu, shati limechomekewa, na viatu vyake vya ngozi ya kahawia viliacha vumbi jekundu kwenye sakafu ya ofisi. Alipoketi alikunja mguu wa kushoto juu ya wa kulia. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje.

"Katika maelezo ya Jumatano," Inspekta alisoma, "ulisema humjui fundi, gereji yake huijui, na boneti la gari hilo hujawahi kulifungua."

"Ndiyo. Mimi ni mtu wa vigingi na kamba. Mambo ya mafuta na grisi siyajui."

Inspekta alitoa kiatu kwenye droo, akakiweka katikati ya meza.

Mpimaji alikichukua, akakielekeza dirishani penye mwanga, akachungulia ndani.

"Cha mke wangu hiki," alisema. "Kilipotea. Siku ya ajali alikitafuta mpaka akachelewa, akaenda na viatu vya kazini, vilivyochanika kwenye ajali."

"Mtu akiona kiatu kilichopotea hutazama kisigino, au huuliza cha pili kiko wapi. Wewe umechungulia ndani. Kwa nini?"

"Nimetazama tu."

"Ulitaka kuona kama mzee ameng'oa ngozi."

Mpimaji alikirudisha kiatu mezani polepole, kama kitu kilichojaa maji. Nje mtu alikuwa akipiga honi, akaacha.

"Una mume, afande?"

"Maswali nauliza mimi."

"Miaka kumi na moja. Kila Jumatatu nampigia brashi viatu vyake, muulize. Mguu wake ule, tangu tuoane, hakuna aliyeushughulikia ila mimi na yule mzee. Jumatatu navuta kiatu chini ya kitanda, natia mkono nikishike, nakuta vidole vya mwanaume. Vinne! Vimelala ndani kama viko kwao."

"Kwa nini hukumwuliza mkeo?"

"Kwa sababu angenijibu."

Koplo aliacha kuandika.

"Alikuwa anarudi anacheka," mpimaji aliendelea, na sasa maneno yalimtoka bila kusukumwa. "Anasema, 'Siku hizi gari linanielewa.' Linamwelewa! Nikaendesha mwenyewe kuonja, pedeli imelainika kama mto wa kulalia. Mtu amekaa akampima mke wangu uzito wa unyayo. Mimi ndiye mpimaji, afande. Mimi."

"Ukafungua boneti."

"Jumanne usiku. Nikaona springi mbili. Zamani ilikuwa moja, mimi kitu nikishakiona sikisahau. Nikaondoa alichoongeza."

"Hakuongeza. Ile ya zamani ilitolewa, zikawekwa mbili badala yake. Ulimwachia mkeo nusu."

Mikono ya mpimaji ilitafuta kitu cha kushika, ikakuta magoti.

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukumwuliza mtu. Ulijaribu pedeli baada ya kuitoa?"

"Niliibonyeza kwa mkono, gari limezimwa. Nilifurahi. Nilisikia kama nimemtoa mtu nyumbani kwangu."

"Springi iko wapi?"

"Shimo la choo."

Inspekta alisogeza karatasi na kalamu. Mpimaji alizisukuma zirudi. Inspekta aliona jinsi uso wake ulivyojifunga, mlango baada ya mlango.

"Sitii sahihi," alisema. "Niliyosema nimesema kwa midomo tu. Mpaka nimwone wakili."

*

Mkuu wa kituo alisikiliza yote akiwa amesimama, mgongo kwa dirisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

"Fundi muachie," alisema mwishowe. "Nati haijaguswa, springi imetolewa na mtu mwingine, sina cha kumshikia. Mume mweke ndani. Na kiatu kipeleke stoo ya vielelezo."

"Kiatu kinakwenda hospitali, mkuu. Nimeahidi kitakuwa mguuni saa kumi."

"Umemwahidi nani?"

"Mshona viatu."

Mkuu aligeuka taratibu. "Inspekta. Sahihi huna. Springi huna. Atakana kila kitu. Zile alama ndizo zinazoonyesha alikuwa na sababu, na kwamba aliongopa. Garini huketi na kukanyaga kidogo tu, ndiyo maana zimebaki; akisimama nacho, uzito na jasho vitazifuta kabla hajafika mlangoni."

"Picha ninazo. Na mashahidi wawili waliona fundi akiingiza mkono."

"Wakili atazichana picha zako kabla ya chai ya saa nne. Mvishe soksi basi."

"Kimepimwa kwa mguu mtupu. Na soksi hakiingii."

"Ng'oa ngozi ya ndani, ubaki nayo."

"Imeshonwa pamoja na soli. Mzee atahitaji siku mbili kuirudisha. Halafu, mkuu, hiyo ndiyo kazi aliyoagiza mume wake."

Mkuu hakutabasamu. "Wasimamishe Nesi siku nyingine."

"Wamemwambia ni leo. Tangu Jumatano amelala chali anaingoja leo. Yeye ndiye aliyeumizwa. Tukimnyang'anya na kiatu ili tumtetee, tunamtetea nini?"

"Maneno mazuri hayo. Ukivuka mlango huo na hicho kiatu, faili namkabidhi Inspekta wa chumba cha pili. Barua ya onyo itakukuta mezani."

Inspekta wa chumba cha pili alikuwa akilimezea mate faili hilo tangu siku ya kwanza. Mara mbili alikuwa amekutwa akilifunua "kwa bahati mbaya". Kupitia mlango ulioachwa wazi, alionekana ameacha kuandika. Shingo yake ilikuwa imerefuka kama ya kuku aliyesikia mahindi yakimwagwa.

Inspekta alitoa faili kwapani, akaliweka juu ya meza ya mkuu, akalinyoosha pembe zake. Moyo ulimwuma, mwaka mzima hakuwa amepata kesi ya kumpandisha cheo kama hiyo. Kisha akachukua kiatu, akatoka.

Kwenye korido alipishana na fundi Nyoya, amevaa shati jeupe, mkewe akimfunga vifungo na kumgombeza kwa wakati mmoja. "Saizi yangu ni ngapi? Sema, ni ngapi?" Fundi alikuwa akicheka na kulia.

*

Wodini, mtaalamu wa mazoezi alikuwa tayari ameshavuta pazia. Nesi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono umefungwa kifuani, miguu inaning'inia, mmoja mfupi kuliko mwenzake. Alipoona kiatu, uso wake ulifunguka.

"Wamekipata! Nilipekua nyumba nzima. Kilikuwa wapi?"

"Kwa mshona viatu wako. Anakusalimu."

"Nani alikipeleka?"

Inspekta alipiga goti mbele yake. "Simama kwanza, mdogo wangu. Nitakujibu ukishasimama, na sitakuficha."

Nesi alikipindua kiatu kwa mkono wake mzima, akachungulia ndani. Akaanza kucheka, akashika mbavu. "Uwii, usinichekeshe. Ona huyu fundi! Hata mikono hakunawa. Nitamwambia mume wangu Jumapili, atacheka huyo."

"Kwa nini Jumapili?"

"Nilikuwa sijamwambia. Kila siku yeye ndiye ananiendesha tukitoka pamoja, kwa sababu mguu wangu unachoka. Nilitaka safari hii akae pembeni, nimwendeshe mimi. Aone."

Inspekta aliziona alama, ya kwanza mpaka ya nne, kwa mara ya mwisho, nyeusi, wazi, zimejipanga. Kisha akakishika kisigino cha Nesi, akauingiza mguu, akafunga kamba.

Mtaalamu wa mazoezi alimshika kiuno. Nesi alivuta pumzi, akajisukuma, akasimama. Hakuyumba. Mabega yake yalikaa sawa kama mizani isiyo na kitu.

"Saa kumi na dakika tatu," alisema mtaalamu. "Twende mpaka mlangoni, pole pole."

Nesi alikanyaga. Soli nene iligonga sakafu, ikanyanyuka, ikagonga tena. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Inspekta alitembea kando yake, mikono mitupu, akihesabu kimoyomoyo. Walipofika mlangoni alijua kwamba ndani ya kile kiatu hapakuwa tena na mkono wa mtu yeyote. Palikuwa na mguu wa mwenyewe.

"Haya," Nesi alisema, akiegemea fremu ya mlango, akihema, akitabasamu. "Nimesimama. Sasa niambie, nani alikipeleka?"

Inspekta alimvutia kiti, akaketi naye, akaanza kumjibu.